Aliyetukataza Kuua Ng'ombe wa Kwenye Gemu

Mke wake ndiye aliyenipigia, Jumanne asubuhi, nikiwa shambani napalilia pamba. Hakulia. Alisema, "Shemeji, mwenzako ametuacha alfajiri," kisha akaongeza, "Wazee wanasema wasifu uandike wewe, kwa kuwa unaandika gazetini." Nikamjibu kwamba nitaandika. Baada ya hapo nilikaa kwenye tuta, jembe mapajani, mpaka jua likanichoma shingo. Mtu niliyetakiwa kumwandikia wasifu nilikuwa sijazungumza naye kwa miezi mitano, na maneno ya mwisho niliyomwambia yalikuwa mabaya.

Tulimzika Ngulyati, kwao. Katekista alisimama akausoma wasifu wangu kwa dakika mbili hivi. Alizaliwa hapa, akasoma mpaka darasa la saba, akaoa, akajaliwa watoto wanne, akajishughulisha na biashara ndogondogo mjini Bariadi, akaugua sukari, akafariki. Watu wakasema amina. Hakuna aliyenifuata kuniambia kwamba nimekosea, na kweli kila neno lilikuwa sahihi. Lakini nilipokuwa natupia udongo wangu niliona aibu kama mtu aliyeiba. Nilikuwa nimemfukia kwa karatasi kabla hawajamfukia kwa koleo. Ndugu msomaji, safu ya leo ni ule wasifu ambao sikuuandika, na umechelewa.

Ile biashara ndogondogo ilikuwa chumba cha gemu. Kilikuwa cha bati, kwenye barabara iendayo kiwanda cha kuchambua pamba, na ndani mlikuwa na runinga moja ya mgongo mkubwa, mashine moja, pedi mbili za kuchezea zilizozungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme, na mabenchi matatu. Waliokaa humo ni bodaboda wanaosubiri abiria, wabeba marobota na wanafunzi wa sekondari siku za Jumamosi. Magemu ya mpira yalikuwepo kama kila mahali, lakini lililojaza mabenchi lilikuwa moja la mapigano. Mwanamume mwenye vazi jekundu anapewa mkuki na mzee langoni, anavuka mito na magofu akipambana na kila kinachomzuia, na mwisho anafungua mlango mzito. Lote lilikuwa kwa Kiingereza, na mle ndani hakuna aliyekijua vya kutosha, mwenye chumba akiwa wa kwanza. Kwa hiyo alisimulia. Alisimama kando ya runinga na ufito mkononi, na kila aliyefungua mdomo kwenye kioo alimsemea kwa kumtazama uso. Yule mzee wa langoni, mwenye chumba alimtambua siku ya kwanza. "Huyu ni baba yake mdogo," alisema. "Mtu hakupi mkuki hivihivi. Baba amekufa, matanga yamekwisha, sasa huyu anamkabidhi mtoto mkubwa mkuki wa marehemu." Hakuna aliyebisha. Usukumani nani angebisha? Mkuki ulitolewa kwa mikono miwili, tuliuona.

Wanaoisoma safu hii siku nyingi wanajua kwamba shule niliiachia kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na siku ya kuanua matanga kule Lalago wazee walikaa kutugawa. Mdogo wangu wa kike aende kwa shangazi, wa kiume anayemfuata aende kwa mjomba, na kitinda mimba atazamwe ni nani ataweza kumchukua. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilisimama, nikasema hakuna anayegawiwa. Basi wakaniachia. Nikaja nao Bariadi, nikaanza kubeba marobota, na kila jioni nilikuwa najuta. Siku moja mvua ilitukimbiza kiwandani, nikajibanza kwenye kile chumba, nikakuta lile gemu liko mwishoni kabisa. Mlango mzito ukafunguka. Ndani palikuwa na watu wamekaa kuuzunguka moto, wametupa migongo. "Hao ni wadogo zake," akasema mwenye chumba kwa sauti ya chini. "Aliwaficha vita vilipoanza. Amerudi. Hesabuni." Benchi zima likahesabu kwa Kisukuma: imo, ibili, idatu. Nikatoka nje kwenye mvua. Akanifuata mpaka mlangoni, akaniuliza, "Bebe, wewe, wa kwako wangapi?" Nikasema watatu. Akasema, "Basi gemu hili ni lako. Rudi ndani, unalowa." Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Aliniita Mkubwa.

Chumba kile kilikuwa na sheria ambayo sijaisikia mahali pengine popote duniani. Katikati ya gemu kuna mto, na kando ya mto kuna wanyama wenye pembe. Yeye alishaamua kwamba hao ni ng'ombe wa marehemu baba, walioswagwa na maadui, na kwamba shujaa hawezi kumwinulia mkuki ng'ombe wa urithi wake. Ukimpiga ng'ombe, pedi unaweka chini na zamu yako imekwisha. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja kutoka Mwanza kumtembelea binamu yake. Alikaa akitutazama tunavyowakwepa wale wanyama, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Oya, mbona hamuwapigi? Hao si ndio wanakupa nguvu!"

"Hao ng'ombe wa baba yake," akajibu bodaboda mmoja bila kugeuka.

"Ng'ombe? Mzee, hilo lina pembe tatu na linatema moto!"

"Wewe Lalago umefika? Kuna dume la mzee mmoja kule, hili la kwenye kioo ni mtoto wa shule."

Watu wakaangua kicheko. Mgeni akapewa pedi, akapiga ng'ombe wa kwanza, pedi ikachukuliwa. Akaapa kwamba bila ile nguvu hakuna binadamu anayeweza kumshinda adui wa mwisho. Tukamwonyesha. Kwa sababu hatukuwa na nguvu za wanyama, tulikuwa tumejifunza kusubiri, kukwepa, kupiga mara moja na kurudi nyuma, na kufa mara nyingi bila kutupa pedi. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba tulikuwa tunacheza gemu gumu kuliko lile lililotengenezwa, na kwamba ugumu ule ulinifundisha namna ya kukaa na wadogo zangu. Nilijua kwamba kuna nguvu ambazo mtu hazichukui hata kama ziko mbele yake zinang'aa.

Nataka niseme neno kuhusu kazi ya namna hii, maana haina jina na haina cheti. Sisi huku tunazaliwa ndani ya Kisukuma, tunafundishwa kwa Kiswahili, halafu kila kitu kipya kinatufikia kwa lugha ya tatu. Simu inazungumza Kiingereza, karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa inazungumza Kiingereza, na hata chupa ya sumu ya wadudu wa pamba tunaisoma kwa kutazama picha ya fuvu. Katikati ya hayo yote anasimama mtu mmoja mwenye ufito anayesema, tulieni, nitawaambia hiki ni nini. Mtu huyo anaweza kukosea. Huyu wa kwetu alijua mipaka yake. Ukimletea chupa ya sumu akusomee alikufukuza, "Nenda kwa bwana shamba, mimi nitakuua." Lakini shujaa mwenye vazi jekundu hakuwa sumu, na pale hakuona sababu ya kutuacha gizani.

Gemu la pili, mwendelezo wa lile la mkuki, alilisubiri miaka mingi. Kila aliyekwenda Mwanza alipewa agizo la kuuliza. Liliposikika limetoka halikuingia kwenye mashine yake, likataka mashine mpya na runinga bapa, na mpaka alipovipata vyote viwili sukari ilikuwa imemla vidole vya mguu na sasa inayala macho. Alikuwa anaona rangi na kivuli, basi. Hata hivyo alikuwa na desturi ya kutoruhusu gemu jipya lichezwe kabla ya kulihukumu, na desturi hiyo hakuiacha. Alipenda kujua kama pigo lina uzito, yaani mkono unasikia kwamba umegonga kitu. Ukifa, ujue umekosea wapi. Zaidi ya hayo alikuwa na kipimo chake mwenyewe: umeme ukikatika, benchi linabaki au linaondoka? Lile la kwanza, umeme ulipokatika, watu walibaki gizani wakibishana kuhusu baba mdogo. Akaniita mimi nicheze. "Mkubwa, njoo uwe macho yangu," alisema kwenye simu. "Nataka kujua kama la pili limelifikia la kwanza. Usinifiche." Mdogo wangu wa kike alikuwa amekuja likizo kutoka Kiloleli, anakofundisha Kiingereza. Nikaenda naye. Nilijivuna, kusema kweli. Nilitaka mwenye chumba aone kwamba mmoja wa wale watatu siku hizi anazisoma zile herufi.

Inabidi nieleze nilikuwa katika hali gani, si kwa kujitetea. Kitinda mimba wetu alikuwa ameondoka nyumbani mwaka uliotangulia. Tuligombana, akaniambia mbele ya mke wangu, "Wewe umejifanya baba, lakini baba si wewe," akabeba begi akaenda kwenye machimbo ya dhahabu. Simu yake haikupatikana tena. Nilikwenda kumtafuta mara mbili, nikapita kwenye mashimo nikiuliza, nikarudi na vumbi tu. Kwa hiyo mtu anaponiuliza kama la pili limelifikia la kwanza, haniulizi habari za gemu peke yake. Hilo ndilo swali nililolala nalo na kuamka nalo tangu siku ya kuanua matanga.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na pedi, mdogo wangu kulia, yeye kushoto kwenye kiti cha plastiki, mguu umefungwa bendeji. Gemu likawaka. Majani yalikuwa yanayumba kwa upepo, maji yanang'aa, unaona hata jasho kwenye shingo ya shujaa. "Nieleze," akasema. Nikamweleza. Lakini kabla ya kucheza yalipita maelezo ya yaliyotangulia, na mdogo wangu akayasoma kwa sauti, vilevile anavyosoma darasani, bila kuongeza wala kupunguza. Shujaa ni askari wa kukodiwa. Mzee wa langoni ni mfanyabiashara wa silaha. Wanyama wa mtoni ni mazimwi. "Na hawa watatu wa kwenye moto?" akauliza mwenye chumba. Mdogo wangu akasoma mara mbili ndipo akajibu. "Hawa ndio waliomkodi. Anachukua ujira wake, anaondoka. Hana ndugu. Wameandika hivyo, kwamba hana mtu."

Nikaendelea kucheza kwa sababu sikujua nifanye nini. Mkuki ulikuwa mwepesi kama ufagio. Chini ardhini kulikuwa na mshale wa njano unaokuelekeza pa kwenda, na ukifa unarudishwa palepale, hujapoteza kitu, kwa hiyo hujajifunza kitu. Ningeweza kumwambia hayo. Yalikuwa kweli, na ndiyo aliyoyataka, hukumu ya fundi kwa fundi. Badala yake nikaweka pedi chini, nikasema, "Unataka hukumu? La pili haliwezi kulifikia la kwanza, maana la kwanza halijawahi kuwepo. Ulilitunga wewe. Umetuchezea akili miaka yote, na mimi nikalea watu kwa hadithi ya uongo." Mdogo wangu akasema, "Kaka!" Mwenye chumba aligeuza uso kunitafuta, lakini aliuelekeza pembeni kidogo, mahali ambapo sikuwepo. "Kumbe," akasema. "Mimi niliwaona hivyo, gete, kweli kabisa. Niliwaona ni wadogo zake." Kisha akauliza, na sidhani kama aliuliza kwa ubaya, "Na wa kwako, Mkubwa? Wako watatu bado?" Nikatoka bila kuaga.

Miezi mitano nilipita barabara ile nikiwa na baiskeli na sikugeuza shingo. Kila wiki nilisema nitakwenda Jumapili. Wateja walikuwa wamekwisha kupungua kabla ya hapo, maana vijana siku hizi wanacheza kwenye simu, kila mmoja na vipokea sauti masikioni, na hakuna anayemsimulia mwenzake kwa sababu hakuna anayetazama kitu kimoja na mwenzake. Nilijua kwamba yuko peke yake mle ndani, haoni. Nilijua, ndugu msomaji, na nilipita.

Siku ya tatu baada ya maziko, mchana, mdogo wangu aliniomba nimsindikize kwenye kile chumba. Mke wa marehemu akatufungulia. Mdogo wangu alipowasha runinga bila kuuliza swichi iko wapi, nikashangaa. "Nilikuwa nakuja," akasema. "Kila nikitoka Kiloleli Jumamosi. Sikukwambia kwa sababu ungenikataza." Nikamuuliza alikuwa anakuja kufanya nini, anamsomea? "Hapana. Maandishi niliyazima, aliniomba. Nilikuwa namwambia ninachokiona tu. Namwambia, ameshuka mlima, kuna daraja, kuna mwanamke amebeba taa. Yeye ananiambia maana yake." Nikauliza maana ilikuwa nini. Mdogo wangu aliangalia kioo, si mimi. "Alisema mmoja kati ya wale watatu amepotea. Alisema kaka yao ametoka kumtafuta, na kwamba safari hii ni ngumu kuliko ile, kwa sababu wa kwanza walifichwa, lakini huyu amejificha mwenyewe. Ng'ombe hatukupiga hata mmoja, kaka. Ilituchukua wiki tatu kuvuka mto."

Nilikaa kwenye benchi. Nikamuuliza kama aliwahi kutoa hukumu yake, kama la pili limelifikia la kwanza. "Nilimuuliza," akasema. "Akasema yeye hawezi kuhukumu, haoni. Akasema anamsubiri Mkubwa, yeye ndiye aliyepewa kazi hiyo."

Hawakulimaliza. Shujaa alikuwa amesimama palepale walipomwacha Jumamosi ya mwisho, kwenye njia panda, mshale wa njano unamwonyesha kwenda mbele kwenye mji wenye taa. Lakini alikuwa ameupa mshale mgongo. Mdogo wangu alieleza kwamba marehemu alimwambia amgeuze, kwa sababu aliyepotea hatafutwi mahali penye mwanga. Nikachukua pedi. Nikamtembeza shujaa hatua chache kurudi nyuma, kwenye giza, ambako waliolitengeneza hawakuweka kitu. Hakikutokea kitu. Nilimsubiri marehemu aniambie hapa ni wapi, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile hapakuwa na sauti pembeni ya runinga.

Basi hukumu yangu ndiyo hii, na naitoa ikiwa haina tena wa kuipokea. La pili lina majani mazuri na mkuki mwepesi, na linaogopa kumwacha mtu apotee. Halijalifikia la kwanza. La kwanza lilikuwepo, lilikuwepo kabisa, nililiona kwa macho yangu nikiwa nimelowa mvua, na aliyelitengeneza tumemzika Ngulyati kwa jina la mfanyabiashara mdogo. Nimejifunza jambo moja tu katika msiba huu, na nimelijua kwa gharama nisiyoweza kuirudisha: aliyekushika mkono ukiwa gizani usimwulize kama alikuwa na ruhusa ya kusema alichokisema. Mwambie kwamba ulifika, na umwambie akiwa bado anasikia.

Mimi sikumwambia. Kuhusu swali lake la mwisho, Mkubwa anajibu leo: hapana, bado ni wawili. Jumatatu narudi machimboni.